Usinunue miujiza ya karata, fundisha mikono yako

Fungua simu yako jioni yoyote na kabla dakika tano kuisha utakutana na kijana ameshika karata. Anaonyesha saba ya kopa, anaipapasa kidogo, na ghafla imekuwa ree ya shupaza. Vidio inaisha kabla hujapepesa macho. Shuka chini usome maoni ya watu, na swali la kwanza ni lile lile kila siku: "Buda, hizo karata umenunua wapi?"

Swali hilo ndilo linalonikera. Hakuna anayeuliza, "Umefanya mazoezi muda gani?" Ni kana kwamba tumeshakubaliana kuwa ujuzi ni bidhaa, na kilichobaki ni kujua duka na bei. Na wenye maduka wanatujua vizuri. Kila wiki kuna pakiti mpya inayouzwa kwa dola, yenye tangazo linaloahidi kwamba utawashangaza marafiki zako leo leo, bila mazoezi yoyote.

Msimamo wangu ni huu: kama unataka kujifunza kiinimacho cha karata, anza na pakiti ya kawaida, ile ile ambayo wasee wa base huchezea kadi, na usiguse karata za hila hata moja kwa mwaka wa kwanza. Sisemi hivyo kwa sababu ya ushamba. Nasema hivyo kwa sababu kitu unachonunua kikifanya kazi badala yako, wewe hujajifunza lolote. Siku kikipotea, umepotea nacho.

Tuelewane kwanza. Wenye kazi hii huita gimiki kitu chochote kilichotengenezwa kwa siri ili mchezo ujiendeshe wenyewe. Kuna pakiti ambayo nusu ya karata zake ni karata moja iliyorudiwa, na zimekatwa fupi kidogo kuliko zingine. Kuna pakiti iliyochongwa ikawa nyembamba upande mmoja, ili karata ikigeuzwa uihisi kwa vidole. Kuna karata zenye mgongo pande zote mbili. Si siri kubwa hizi. Zinauzwa waziwazi, na mbinu zenyewe ni za zamani sana.

Zinafanya kazi? Ndiyo, tena vizuri, mradi watu waketi kimya, mbali kidogo, wakipiga makofi. Sasa niambie ni mtaa gani hapa Nairobi, Mombasa au Kisumu wenye watazamaji wa aina hiyo. Watazamaji wetu hawakai. Ukimaliza tu, mkono wa mtu umeshafika: "Leta hizo karata nione." Hataki kuombwa subira. Ukikataa, mchezo umekwisha na jina lako limeharibika. Ukimpa, ataona karata 26 zinazofanana, na kuanzia siku hiyo utaitwa fala hadi uhame.

Mwenye mikono iliyofundishwa hana shida hiyo. Anawakuta watu wanacheza kadi kwenye kibanda, mmoja ameshasema "niko kadi" na anasubiri tu zamu yake amalize. Mchezo unapokwisha anaomba ile pakiti iliyochakaa, yenye pembe zilizojikunja, pengine malkia mmoja hayupo na joka amechukua nafasi yake. Anaichanga, anamwambia mtu achague, anafanya yake, kisha anawarudishia karata zao. Wazikague hadi kesho. Hawatapata kitu, kwa sababu hakuna kitu ndani ya karata.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa. Gimiki inaficha siri ndani ya kitu, na kitu kinaweza kunyakuliwa. Mazoezi yanaficha siri ndani yako.

Wengine watauliza: huo ujuzi wenyewe ni nini hasa? Maana ukisikia "wepesi wa mikono" unafikiri ni kasi, kwamba vidole vinakwenda mbio kuliko jicho. Si kweli. Jicho ni jepesi kuliko mkono wa binadamu yeyote, na mtu akifanya jambo haraka haraka, kila aliyepo anajua kuna kitu kimefanyika hapo. Siri iko kwenye utulivu. Tendo la siri lazima lifanane kabisa na tendo la kawaida.

Chukua mfano mmoja ambao ni msingi wa michezo mingi: kunyanyua karata mbili zilizoshikana kama moja. Watu wanaona umefunua karata ya juu, kumbe ni ya pili. Ukiirudisha na kuiweka kando ile ya juu, wanaamini wanajua ni ipi, na hapo umewashika. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vidole ni kazi ya miezi. Zikiachana hata unene wa uzi, umeumbuka. Ukizishika kwa woga, mkono unakakamaa na mtoto wa miaka sita ataona. Na hatari iliyo kubwa zaidi ni hii: kama siku zote unageuza karata moja kwa namna fulani, na hizo mbili unazigeuza kwa namna nyingine, hata asiyejua chochote atahisi kuna jambo. Kwa hiyo lazima ujichunguze jinsi unavyogeuza karata moja ukiwa huna siri yoyote, kisha uifundishe ile hila kuiga ule ukweli.

Au chukua kuchanga karata kwa namna ile tunayochanga sote, pakiti mkono mmoja na mkono mwingine ukiteremsha vifungu vifungu. Unaweza kuchanga mbele ya watu kumi na ile karata ya juu isipotee. Ivute peke yake kwanza, kisha uteremshie zingine zote juu yake: sasa iko chini kabisa. Changa tena, na safari hii uhakikishe karata ya mwisho kuteremka ni hiyo, ikiwa peke yake. Imerudi juu. Watu wameona umechanga mara mbili, na kweli umechanga. Hakuna kifaa hapo, ni kujua tu kila karata iko wapi.

Ongeza kidole cha mwisho kinachoshikilia upenyo mdogo ndani ya pakiti pasipoonekana, ongeza kukata pakiti kwa uongo, ongeza kuficha karata moja kiganjani huku mkono ukibaki umelegea kama wa mtu anayesubiri matatu. Vitu vinne au vitano hivi, ukivijua sawasawa, vinatosha michezo mingi kuliko unayoweza kuionyesha kwa usiku mmoja.

Sasa kuna wanaosema mikono yao haifai. Ni mifupi, ni minene, inatoka jasho. Hao niwape majina mawili tu.

René Lavand alizaliwa Argentina mwaka 1928. Akiwa na miaka 9 aligongwa na gari na akapoteza mkono wa kulia. Vitabu vyote vya karata vilivyokuwepo viliandikwa kwa watu wenye mikono miwili, kwa hiyo ilimbidi abuni mbinu zake mwenyewe kwa mkono wa kushoto uliobaki. Alizunguka dunia akionyesha karata hadi uzeeni, na alifariki mwaka 2015. Alichojulikana nacho zaidi si kasi. Alikuwa akifanya mchezo, anaurudia polepole, halafu polepole zaidi, hadi watu wanachoka kutafuta.

Wa pili ni Richard Turner wa Marekani. Alianza kupoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 9, na leo haoni kabisa. Huyu anaweza kugawa karata ya pili kutoka juu mara kadhaa mfululizo huku ukiapa kwamba umeiona ile ya juu ikitoka. Vidole vyake vinahisi karata kiasi kwamba watengenezaji wa karata za Bicycle walimtumia kuzipima kwa kuzigusa. Kuna filamu kuhusu maisha yake iliyotoka mwaka 2017, inaitwa Dealt. Itazame, kisha urudi uniambie kuhusu vidole vyako vifupi.

Sitaji watu hawa ili tuwalilie. Nawataja kwa sababu mmoja hakuwa na mkono na mwingine hana macho, na hakuna duka linalouza kifaa cha kuziba pengo hilo. Walichokuwa nacho ni saa nyingi za kurudia kitu kile kile. Saa hizo hata wewe unazo.

Tena karata hazikufungii kwenye karata. Kijana mmoja wa New York, Persi Diaconis, aliondoka nyumbani akiwa na miaka 14 kumfuata bingwa wa karata Dai Vernon aliyekuwa akizunguka na maonyesho. Maswali kuhusu kuchanga karata yakamsukuma kwenye hesabu, na akaishia kuwa profesa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1992, yeye na mwenzake Dave Bayer walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba pakiti ya karata 52, ikichangwa kwa kupasuliwa na kuingizana kwa kawaida, inahitaji kama mara 7 ndipo ichanganyike vya kutosha. Kumbuka hilo siku jamaa anayekugawia atakapochanga mara mbili na kusema "zimeiva".

Na kuna hili la ajabu zaidi: gawa pakiti katikati, 26 na 26, kisha uzipishanishe moja moja bila kukosea hata karata moja, ya juu kabisa ibaki juu na ya chini kabisa ibaki chini. Fanya hivyo mara 8. Pakiti nzima inarudi ilivyokuwa mwanzo, karata kwa karata. Hiyo si hila, ni hesabu tupu, ila itakuchukua miezi mingi ya mazoezi kuipata. Kama darasani ulikuwa unaona hesabu ni adhabu, hapa utaiona ikicheza mkononi mwako.

Najua kuna hoja za upande wa pili, na si za kupuuzwa.

Ya kwanza: "Mbona mabingwa wenyewe wanatumia gimiki?" Ni kweli, wengi wanatumia. Sitadanganya. Lakini angalia wanavyoitumia. Bingwa anaingiza karata moja ya hila katikati ya matendo kumi ya kweli, na anaiondoa kabla yeyote hajafikiria kuikagua. Kuiondoa huko kwenyewe ni wepesi wa mikono. Gimiki kwake ni kama chumvi. Wewe unataka kula chumvi bila ugali.

Ya pili: "Mtazamaji hajali nimefanyaje, mradi ameshangaa." Hoja hii ina uzito, na kwa onyesho la dakika moja ni sahihi. Lakini mtu anayetegemea kifaa anaonyesha mchezo mmoja, kwa mpangilio mmoja, kwa maneno yale yale. Ukimwambia "rudia, safari hii nichange mimi", ameisha. Mwenye ujuzi anaweza kubadilisha njia katikati ya safari bila mtu kujua. Na ukiwa na ndoto ya kulipwa, kwenye harusi, sherehe ya kampuni au siku ya kuzaliwa ya mtoto wa mtu, utahitaji hilo zaidi ya yote, maana watu wa sherehe hawafuati mpangilio wako.

Ya tatu: "Sina muda, natafuta chapaa." Hapa nakuelewa kabisa. Lakini hesabu dakika ulizokaa jana kwenye foleni ya Jogoo Road au Thika Road ukisogeza kidole kwenye simu. Pakiti inaingia mfukoni. Kushika upenyo kwa kidole cha mwisho kunaweza kufanyika kwenye kiti cha nyuma bila hata abiria wa kando kujua. Cardini, mmoja wa mabingwa wakubwa wa karata jukwaani, anasimuliwa kuwa alifanya mazoezi akiwa askari mahandakini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, glavu mikononi kwa sababu ya baridi. Sisi tunalalamika kuhusu jamu.

Na kuna gimiki moja mpya ambayo wengi hawaiiti kwa jina lake, nayo ni kamera. Ukikata vidio katikati, ukabadilisha karata, ukaunganisha vipande, umefanya yale yale ya pakiti iliyochongwa. Hata ukirekodi mara 60 na kuweka ile moja iliyofaulu, ujue unachoonyesha ni bahati. Kipimo ni kimoja: unaweza kuufanya mbele ya mtu aliyekaa hatua moja kutoka kwako, sasa hivi, na karata zake?

Lakini kilichonisukuma kuandika makala haya ni kitu kizito kuliko sifa za mitandaoni. Ni suala la kuaminiana.

Sote tunajua pata potea. Karata tatu juu ya kadibodi, kikundi cha watu wamezunguka, mmoja anashinda elfu moja mbele yako kwa urahisi hadi unaona wewe ndiye unayejichelewesha. Huyo aliyeshinda ni wao. Anayekusukuma mgongoni akisema "bro, ni hiyo ya katikati" ni wao pia. Na zile karata, kwa kawaida, hazina hila yoyote. Jamaa anashika mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine. Macho yako yanajua kwamba ya chini ndiyo itaanguka kwanza. Yeye anatupa ya juu. Basi. Kuanzia hapo unafuata karata isiyo yenyewe kwa umakini wako wote, na kadiri unavyokodoa macho ndivyo unavyozidi kuwa na uhakika wa uongo. Hata ikitokea ukaipata iliyo sahihi, mtu mwingine ataweka dau kubwa kuliko lako, au sauti itapiga "kanjo!" na meza itayeyuka na pesa zako.

Hapa ndipo wapo wanaoniambia: kumbe basi unafundisha vijana wizi. Nasema kinyume chake. Mtu aliyetupa karata hiyo mara elfu moja mbele ya kioo chumbani kwake hawezi kuweka hata shilingi kwenye kadibodi ile. Amejua kwa mikono yake kwamba kuangalia sana si kinga. Somo hilo linavuka karata. Linakusaidia mbele ya anayekuuzia shamba kwa picha, anayekuahidi faida mara tatu ndani ya wiki mbili, na anayekuonyesha mtu "aliyepona" jukwaani. Unajifunza kuuliza: wakati naangalia hapa, kule kunafanyika nini?

Tofauti ya mwanakiinimacho na tapeli si vidole, maana vidole vinaweza kuwa vile vile. Tofauti ni kwamba mmoja amekuambia mapema kwamba atakudanganya, na mkimaliza unaenda nyumbani na pesa zako zote pamoja na kicheko. Kwa hiyo sheria yangu ni ngumu: ukijifunza haya, usicheze karata kwa pesa tena. Hata ukicheza kwa haki, hakuna atakayeamini, na watakuwa na sababu.

Sheria ya pili: usiseme una nguvu. Katika nchi yetu jambo hili si mzaha. Watu wamepigwa na wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na kijana anayebadilisha karata huku akinong'ona maneno ya ajabu anajitafutia balaa ambalo hataweza kulichanga. Shosho akikuuliza, "Mjukuu wangu, hiyo si mambo ya majini kweli?", usitabasamu ukamwacha na swali. Mwambie, "Hapana shosho, ni vidole tu, shika hizi karata uzione." Na hapo ndipo pakiti ya kawaida inapokuokoa. Mwenye karata za hila hawezi kuzitoa zikaguliwe, na kitu kinachofichwa ndicho kinachozaa maneno. Karata zako zikiwa safi, ushahidi wako uko mkononi mwa shosho.

Lugha yetu ilishalijua hili zamani. Tunasema kiinimacho. Mchezo hauko kwenye karata, uko kwenye jicho la anayetazama. Wala karata si kitu cha kuja jana. Majina kopa, uru, shupaza na pao yana asili ya Kireno, yale ya watu waliojenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba unaiga Wazungu wa mitandaoni. Vitu hivi vimekaa Pwani yetu karne na karne, na wazee wamevichezea barazani kabla ya intaneti kuzaliwa.

Basi uanzeje? Nitasema kwa kifupi.

Nunua pakiti mbili za kawaida, moja ya mazoezi na moja ya kuonyesha. Za karatasi ni bora kuliko za plastiki ngumu, kwa sababu zinapinda na kurudi, na zinateleza kwa usawa. Zikichakaa usitupe. Mikono inayoweza kushika pakiti mbovu itaweza yoyote.

Mwezi wa kwanza, usijifunze mchezo wowote. Jifunze kushika. Pakiti ilale kwenye kiganja cha kushoto, kidole gumba ukingoni upande wa kushoto, kidole cha shahada mbele, vingine vitatu upande wa kulia. Kaa nayo hivyo ukitazama mpira, ukisikiliza muziki, ukisubiri chai ichemke. Changa, kata, changa tena, hadi uweze kuzungumza na mtu bila kuiangalia mikono yako. Hili la mwisho ndilo muhimu, maana watu hutazama unapotazama. Ukishusha macho kwenye siri yako, umewaalika.

Huo mwezi ukitaka kitu cha kuonyesha, chukua mchezo wa karata 21, ule wa mistari mitatu ya karata saba saba. Mtu anachagua moja kimoyomoyo, anakuambia iko mstari gani, unaweka mstari huo katikati ya mingine miwili, unagawa tena. Baada ya mara tatu, karata yake ni ya 11. Ni hesabu inayokufanyia kazi, wewe unajizoeza kuongea na watu.

Mwezi wa pili na wa tatu, chukua vitu viwili tu: kuchanga bila kupoteza karata ya juu, na kunyanyua mbili kama moja. Dakika 20 kila siku ni bora kuliko saa nne za Jumapili. Tumia kioo kwanza, kisha jirekodi kwa simu ukiiweka pale macho ya mtazamaji yalipo, sio pale unapopendeza. Simu haina huruma kama rafiki.

Vitabu vipo, na kimoja cha zamani kinachosomwa hadi leo hakikugharimu kitu. The Expert at the Card Table kilichapishwa Marekani mwaka 1902 na mtu aliyejiita S. W. Erdnase, na mpaka sasa watu wanabishana alikuwa nani hasa. Muda wa hakimiliki yake uliisha zamani, unaweza kukipakua bila kumwibia mtu. Kiingereza chake ni kigumu na kinasomwa polepole, pakiti mkononi, ukurasa mmoja kwa wiki. Ndivyo mabingwa wengi walivyokisoma.

Na usionyeshe kitu kabla hakijaiva. Mchezo mmoja uliokomaa unatosha. Ukiulizwa umefanyaje, cheka tu. Ukiombwa urudie, fanya mwingine. Na ukishindwa mbele ya watu, jambo ambalo litatokea, rudisha karata, sema "ngoja tuone tena", endelea. Hawakujua ulikokuwa unaelekea.

Baada ya mwaka, ukitaka kununua karata ya hila, nunua. Wakati huo utaichukulia kama kifaa kimoja kati ya vingi. Pengine hata utaiona haina haja. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hawa wauzaji wa mtandaoni hata ndugu zetu si.

Kwa hiyo ukikutana tena na ile vidio ya jioni, na kidole chako kikaenda kwenye maoni, muulize yule kijana swali lingine. Muulize ilimchukua muda gani. Akijibu "miezi minane, na bado nakosea", mfuate huyo. Akikutumia bei, pita.